Mstari Juu ya Fromaji ya Mjomba

Mama yangu anauza fromaji Mabanga, mtaa wa Goma, mbele ya nyumba yetu, kwenye meza yenye miguu mitatu na rundo la mawe meusi mahali pa mguu wa nne. Watu wa mbali wanaiita jibini. Kwetu ni fromaji, inashuka kutoka milima ya Masisi, duara nzito ya rangi ya siagi, yenye ganda gumu ambalo watoto wa mtaa wanaliomba bure na mama anawapa huku akiwagombeza. Anaikata kwa uzi wa chuma, kisha anaifunga kwa karatasi za mitihani ya wanafunzi wangu. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari, na mama anaona hiyo ni kazi ya kuchekesha. Mteja akianza kusoma swali kwenye karatasi aliyofungiwa, mama humwambia ajibu kwanza ndipo ale.

Mimi nina ugonjwa mmoja, kuuliza. Tangu utotoni. Nikipanda gari namuuliza mtu wa pembeni alikozaliwa, na nikienda kwenye harusi natoka nikijua koo zote mbili mpaka kwa babu wa babu. Shuleni nafundisha wafalme na mito ya nchi ambazo sitaziona, na siku moja mwanafunzi wa mbele kabisa akaniuliza kama mlima wa kwao una historia. Nikamjibu kwamba kila mlima unayo. Akasema, "Basi mbona haiko kwenye kitabu?" Nilirudi nyumbani nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Jioni hiyohiyo nikanunua kaye mpya, daftari la kurasa mia mbili, nikaandika juu yake jina la mlima alikozaliwa mama, nikavuta kiti karibu na meza ya fromaji.

"Nani alifika wa kwanza pale kwenu?" nikamuuliza.

"Ng'ombe," mama akasema, akaendelea kukata.

Ndivyo anavyojibu, lazima umvute. Kwa wiki kadhaa nilimvuta, akinipa neno moja hapa na moja pale, kati ya mteja na mteja. Wazazi wake walipandishwa mlimani wakiwa watoto, enzi za wazungu, pamoja na familia nyingi zilizovushwa kutoka upande wa pili wa mpaka kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa. Kinyarwanda ndiyo lugha waliyokuja nayo. Pale juu waliwakuta Wahunde. Nilipoandika kwamba mlima ulikuwa mtupu, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyowahi kumsikia mzee mmoja wa kanisani akisema, mama aliniambia nisome nilichoandika, kisha akanyoosha kidole chenye mafuta na kukiweka juu ya sentensi yangu.

"Futa. Tuliwakuta. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba zao, mama yangu aliuona akiwa mgongoni. Usiandike vingine."

Nikafuta. Doa la mafuta liko hapo mpaka leo.

Babu yangu alijifunza fromaji kwa mapadri. Alianza kwa kubeba ndoo za maziwa, baadaye akapewa kuosha mbao, na mwisho akawa anatia mkono kwenye maziwa na kusema yamefika au hayajafika. Kazi yenyewe si ya miujiza, mama anasema, ni ya subira tu. Maziwa ya asubuhi yanapashwa moto kidogo, yanatiwa dawa ya kugandisha, yanatulia. Yakishaganda yanakatwakatwa kwa kisu kirefu, yanamiminwa kwenye kalibu ya mbao iliyotandikwa kitambaa, yanafunikwa kwa mfuniko wa mbao, halafu juu ya mfuniko yanawekwa mawe. Maji yanatoka, yanatoka, mpaka kesho. Kinachobaki kinalazwa kwenye maji ya chumvi, kisha kwenye rafu, na kila siku kinageuzwa.

Nilipouliza maji yale yanakwenda wapi, mama akacheka. Ndiyo nikapata kurasa tatu ambazo nazipenda kuliko zote. Maji ya fromaji yana rangi ya kijani hafifu na harufu kali, na ni mengi kuliko fromaji yenyewe. Kwa babu yalikuwa yakimwagwa. Majirani wa chini, Wahunde, walikuwa na nguruwe. Siku moja mwanamke wa kule chini akapanda na kibuyu akaomba yale maji, na nguruwe wake wakanenepa mpaka mlima mzima ukaenda kuwatazama. Tangu siku hiyo kila asubuhi mtu wa kule alipanda kuchota maji, na kila mavuno maharagwe na viazi vilipanda kuja kwa babu. Hakuna aliyepima. Wakubwa wakigombana mbele ya ofisi kuhusu udongo ni wa nani na nani ni mgeni, maji yalikuwa yanashuka na maharagwe yanapanda. Kuna miezi watu walikuwa hawasalimiani njiani, lakini kidumu kilikuwa kinaachwa penye ua, kinajazwa, kinachukuliwa.

"Unaandika chakula ya nguruwe," mama akaniambia akiona ninavyokimbiza kalamu. "Historia yako hiyo."

Nikamwambia ndiyo hiyohiyo. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyeokota simu.

Kati ya hayo yote kulikuwa na jambo moja ambalo mama hakunipa nafasi ya kuliuliza, na mimi pamoja na ugonjwa wangu nilijua kuliogopa. Ni kaka yake. Babu alipofariki, mjomba wangu ndiye aliyebaki na ng'ombe, kalibu na mfuniko. Vita ya miaka minne iliyopita ilipofika mlimani, watu waliteremka na godoro kichwani, wengine mpaka Sake, wengine mpaka hapa Goma. Mjomba hakuteremka. Alimpigia mama simu mara ya mwisho akasema kuna ng'ombe mwenye mimba, hawezi kumwacha. Baada ya hapo simu ikawa kimya. Kila aliyetoka juu tulimuuliza, na kila mmoja alikuwa na neno lake. Huyu alisikia amekufa, yule alisikia amevuka kwenda upande mwingine, na wa tatu hakujua hili wala lile ila alitaka kikombe cha chai.

Ndugu wa hapa mjini walikuja mara mbili kumwambia mama kwamba imetosha, tufanye matanga, tusome misa, mtu apumzike. Mama alikataa mara zote mbili. Mara ya pili nilikuwepo. Aliwatolea macho wanaume watano wenye makoti akawaambia, "Sijaona mutu, sijaona kaburi, sijaona hata aliyemuzika. Niketi chini nililie nini? Nikimulilia na yuko muzima, nitakuwa nimemuua miye." Wakanywa soda zao wakaondoka. Kwetu kumlilia mtu aliye hai ni jambo zito, na kutomlilia aliyekufa ni zito vilevile, na mama alikuwa katikati ya hayo mawili miaka minne. Alikuwa hapendi kuonyesha. Lakini mimi ninayeishi naye nilijua kwamba kitu alichokitaka duniani ni kimoja tu, kujua kama kaka yake yuko hai au hayuko.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa mvua, mama wa jumla, yaani yule anayetuletea fromaji kwa magunia, akatuachia gunia mlangoni kama kawaida. Barabara ilikuwa imefunguka tena baada ya kufungwa muda mrefu, na bidhaa za juu zilikuwa zimeanza kushuka. Nilikuwa nakunywa chai kabla ya kwenda shule. Mama alikuwa anatoa duara moja moja na kuzipanga. Ghafla akaacha kupanga. Nilimwona ameshika moja kwa mikono miwili, anapitisha kidole gumba juu yake, anarudisha, anapitisha tena.

"Iko nini?" nikamuuliza.

Akaigeuza kunionyesha. Juu ya fromaji, kwenye uso wa juu, kulikuwa na mstari ulioinuka, mwembamba, kutoka ukingo mpaka karibu na katikati.

Lazima nieleze mstari huo, maana nilikuwa nimeusikia tangu nikiwa mdogo. Mama alipokuwa na miaka minane au tisa, harusi ilipita njiani chini ya nyumba yao, na ua ulikuwa mrefu kuliko yeye. Akachukua mfuniko wa kalibu, akauegemeza juu ya mawe mawili, akapanda amwone bibi harusi. Mfuniko ukapasuka. Haukuvunjika vipande viwili, uliingia ufa tu, na ufa ulipofika penye fundo la mbao ukapinda na kuishia hapo. Babu alimchapa, kisha akaendelea kuutumia, kwa sababu mbao nzuri ilikuwa haipatikani. Tangu hapo kila fromaji iliyotoka pale nyumbani ilikuwa na mstari, kwa kuwa maziwa yaliyokandamizwa yaliingia kwenye ufa. Mjomba alikuwa akimtania dada yake kwamba ameweka sahihi yake kwenye chakula cha watu mpaka Kinshasa.

"Mufuniko iko naye," mama akasema. "Hakuna mutu mwingine. Yuko muzima."

Mimi ni mwalimu wa historia. Ninachofundisha kila mwaka, darasa kwa darasa, ni kwamba kitu husafiri bila mwenyewe. Upanga unaweza kukutwa kwenye nchi ambayo shujaa wake hajawahi kukanyaga. Na mimi kwa kichwa changu kigumu nikamwambia hivyohivyo, asubuhi ile, chai mkononi. Nikasema mfuniko unaweza kuwa umeibiwa, umeuzwa, umeokotwa. Mama akaiweka ile fromaji chini polepole.

"Nenda shule," akasema. "Nenda ukawaambie watoto wa watu."

Nilifundisha vibaya siku hiyo. Saa sita nilikuwa nimekwishaomba ruhusa na nimefika sokoni kwa mama wa jumla. Yeye hakujua anayetengeneza. Anapokea kwa motari mmoja, kijana wa pikipiki mwenye koti la mvua la njano, ambaye hubeba magunia kutoka njia panda ya juu. Nikamsubiri motari mpaka alasiri, nikiwa nimekaa kwenye gunia la makaa na viatu vyangu vya shule. Alipofika nikamuuliza maswali kumi kabla hajazima pikipiki.

"Madame, pole pole," akasema. "Mimi si leta, si serikali ya kujua kila kitu."

Alichojua ni kidogo. Fromaji hizo zinateremshwa kwa miguu kutoka mlimani na kuachwa kwenye duka fulani njia panda. Mwenye kuzitengeneza hajawahi kumwona. Anazijua kwa jina la "zile za mstari", na wateja wake wanazitaka hizo kuliko nyingine, wanasema haziharibiki. Nilimwomba apeleke ujumbe. Akasema ujumbe wa mdomo haulipiwi, nimpe tu.

Nikarudi kumuuliza mama tuseme nini. Alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Mwambie dada yake yuko Goma, Mabanga. Basi."

Jibu lilichukua siku tisa. Nilizihesabu. Mama katika siku hizo alikuwa mtu ambaye sikuwa namjua. Aliimba akioga. Alinunua shati la kitambaa kizuri, la kiume, akalikunja na kuliweka kwenye sanduku bila kunieleza, na mimi kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza. Kwenye meza alikuwa haziuzi zile za mstari. Alizipanga nyuma, na mteja akizinyooshea kidole alimwambia zina mwenyewe.

Na hapo ndipo mimi nilipoanza kuumia. Siku ya tatu, mama akiwa kanisani, nilichukua mojawapo nikaipeleka dirishani nikaitazama kwa utulivu, jinsi ninavyotazama picha za kale kabla ya kuzionyesha darasani. Mstari ulikuwa umenyooka. Ulikuwa umenyooka kabisa, kana kwamba umepigwa kwa rula, na upana wake ulikuwa mmoja mwanzo mpaka mwisho. Nikachukua nyingine, nayo ni hivyo. Ufa wa mama ulikuwa umepinda penye fundo, nimeusikia ukisimuliwa mara hamsini, na mjomba mwenyewe alikuwa akiuchora kwa kidole mezani akipiga kona pale mwisho. Huu haukuwa na kona. Huu ulikuwa umechongwa na mtu kwa kisu.

Nilizirudisha zilivyokuwa. Nilijiambia labda mjomba ametengeneza mfuniko mpya na akachonga mstari kwa kumkumbuka dada yake, na inawezekana, lakini kuna sauti ndani yangu ilikuwa inaniambia kwamba mjomba angeichonga kona. Nilimpenda mjomba kwa sababu hiyo hasa, hakuwa mtu wa kuacha kona.

Motari alileta jibu siku ya Ijumaa: namba ya simu, na maneno kwamba tupige Jumapili baada ya misa, saa nane, kwa kuwa huko mtandao unapatikana kwenye mgongo wa kilima tu na mtu lazima apande. Nikamuuliza aliyesema hivyo ni mwanamume au mwanamke. Hakujua, yeye alipewa na mwenye duka.

Jumamosi mchana nilishindwa kuvumilia. Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, nami nikakaa mbele yake nikaanza, "Mama, ule mstari, nilikuwa nautazama..."

"Usiniambie," akasema.

"Lakini mama..."

"Nina vidole." Hakuinua macho kwenye ungo. "Nilijua asubuhi ileile, kabla hujamaliza chai. Unafikiri mutu anasahau ufa yake mwenyewe? Niache mupaka kesho. Kesho si mbali."

Nilimsaidia kuchambua mpaka maharagwe yakaisha.

Jumapili saa nane tulikaa uani, simu juu ya kiti cha plastiki katikati yetu, sauti imefunguliwa. Mama alikuwa amevaa nguo zake za misa. Iliita mara moja tu ikapokelewa, na kwanza tukasikia upepo, upepo mwingi wa mlimani, halafu sauti ya mwanamke.

"Mama, salamu yako. Ni miye mwenye kutengeneza fromaji."

Nilimtazama mama. Uso wake haukubadilika. Akamwitikia salamu, akamuuliza habari za huko, mvua, wagonjwa, shamba, kama inavyotakiwa, wala hakuruka hata moja. Mwanamke akajibu yote. Alikuwa wa familia ya Wahunde ya kule chini, ile ya nguruwe. Akiwa msichana yeye ndiye aliyekuwa akipanda kila asubuhi kuchota maji ya fromaji, na kwa kuwa maji hayatoki kwa haraka, alikaa akisubiri, na akisubiri alikuwa akitazama, na mjomba alipoona anatazama akampa kisu akate.

"Na mufuniko?" mama akauliza. "Iko wapi?"

"Ile ya zamani iliungua, mama. Watu walipita wakalala kwenye nyumba, wakaichoma na milango. Nikatafuta mbao ingine, kwenye benchi yetu iliyovunjika, nikatengeneza mufuniko. Ilikuwa wazi, bila mustari. Fromaji ya kwanza ikaoza. Ya pili ikaoza. Nikasema, kumbe nimesahau mustari. Nikachukua kisu nikachonga. Tangu hapo haijaoza hata moja. Mama, niliweka mahali yake? Nilikuwa nakumbuka kwa kichwa tu."

Nilifungua mdomo. Kazi yangu ni hiyo, kusema jambo lilianza vipi. Nilikuwa tayari kumwambia mwanamke wa watu kwamba mstari hauna kazi yoyote, kwamba ni msichana mmoja aliyetaka kuona harusi, kwamba pengine zilioza kwa kukosa chumvi, maana miezi ile chumvi ilikuwa haipandi. Mama alinitazama mara moja tu na nikafunga mdomo.

"Iko mahali yake," mama akamwambia. "Usibadilishe kitu."

"Asante, mama. Nilikuwa na wasiwasi."

"Hukumuuliza muzee? Ni yeye mwenye mufuniko."

Upepo ukavuma kwenye simu. Niliona mkono wa mama umeshika ukingo wa kiti.

"Muzee alikuwa amelala tayari, mama. Kifua. Sikutaka kumusumbua na mambo ya mbao."

"Amelala wapi sasa?"

"Mama, keti kwanza."

"Nimeketi, mutoto wangu. Niambie."

Akatuambia. Mjomba hakuuawa na mtu. Nyumba yake ilipochomwa milango alishuka na ng'ombe wawili waliobaki, akapokelewa kule chini, akaishi kwenye nyumba ya baba wa huyu mwanamke miaka mitatu. Miaka mitatu, na sisi tuko hapa tunawauliza wapita njia. Simu yake ilikuwa imechukuliwa na namba zetu zikaenda nayo, na barabara imefungwa, fromaji zikawa zinaliwa hukohuko kwa kubadilishana na unga. Kila fromaji ilipotoka kwenye kalibu alikuwa akiuliza kama inafika Goma, na walimjibu inafika, ili alale. Alikufa mwaka jana, maharagwe yakitoa maua.

Mama alisikiliza bila kukatiza. Nilitaka kumshika bega lakini alikuwa amekaa wima mno.

"Nani alimuosha?" akauliza.

"Ni miye. Baba alisema mutoto wake ndiye anapaswa, na hapakuwa na mutoto wake karibu. Nikamuosha miye na bwana yangu."

"Na matanga?"

"Tuliketi, mama. Siku zote. Watu walikuja, hata wale ambao hawakuwa wanatusalimia. Tulimuzika penye tunazikaka watu wetu, pembeni ya nyanya yangu. Kama hamutaki pale, barabara ikitulia mutamuhamisha, hatutakasirika. Tunaomba musamaha, mama, hatukujua pa kuwapata."

Huko kanisani na kwenye mikutano nimesikia watu wa milima yetu wakigawanywa kwa kalamu, wenye udongo upande huu, waliokuja upande ule, na mimi mwenyewe kwenye kaye yangu nilikuwa nimepiga mstari katikati ya ukurasa na kuandika koo upande wa kushoto na koo upande wa kulia. Nilikuwa nimeona ni kazi safi. Nilisikia aibu nikiwa nimekaa pale.

"Unaniita mama," mama yangu akasema.

"Ndiyo, mama. Samahani, nikuite nini?"

"Aliyemuosha kaka yangu, akamukalia matanga, ni binti yake. Miye si mama kwako. Miye ni shangazi yako."

Kulikuwa na upepo tu, mpaka nikadhani mtandao umekatika, halafu tukasikia yule mwanamke analia, si kwa adabu, kwa sauti kubwa, jinsi mtu anavyolia mahali ambapo hakuna anayemsikia.

"Lia," mama akamwambia. "Lia, nami naanza." Akateremka kutoka kwenye kiti, akaketi chini, kwenye mawe ya uani na nguo zake za misa, akanyoosha miguu, akavua kitambaa cha kichwa. Alimwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Miaka minne yote ilitoka pale, na kila aliponyamaza kuvuta pumzi tulimsikia yule mwingine kwenye simu, juu ya kilima, akilia naye.

Inite za simu zilipokwisha sauti ikakatika katikati. Mama akainua kichwa akanitazama. Nikakimbia miguu mitupu mpaka kwenye kibanda kununua nyingine.